Mwizi Aliyelipia Umeme

Mwezi wa Machi mwaka huu, mwizi mkubwa kuliko wote hapa Likawage alikuwa Bi Sauda, na tangu aanze kuiba hakuwa ametoka nje ya nyumba yake hata mara moja. Alikuwa amekaa eda. Isitoshe, alikuwa akilipia kila alichoiba, wiki kwa wiki, kwa simu yake mwenyewe, na ujumbe wa malipo anao hadi leo. Mimi ni mmoja wa walioibiwa. Naomba nieleze kwa utaratibu, maana nikieleza kwa hasira, na hasira ninazo, mtadhani natunga.

Bi Sauda ni mfupi, mnene kiasi, na sauti yake ikikufikia shambani unajua saa ya kurudi imefika. Aliolewa na Dadi Mkwinda baada ya mke wa kwanza wa Dadi kufariki, akamkuta mtoto mmoja, Hussen, tayari kijana wa kunyoa ndevu. Wa kwake Mungu hakumjalia. Akafuga kuku. Kuku hao aliwapa majina ya mawifi na wakwe zake, na siku akichinja mmoja hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini amechaguliwa yule. Tatizo lake lilikuwa vifaranga. Kuku akitotoa kumi na wawili, mwewe anachukua watano, kicheche anamaliza waliobaki, na Bi Sauda anabaki kutukana angani na vichakani kwa zamu. Miaka ishirini alitamani jambo moja tu: kuwaona vifaranga wengi, wake mwenyewe, ndani ya nyumba, mahali ambapo mwewe hana mlango wa kuingilia.

Basi akaja Fundi Ambrosi. Alitokea Mtama, miaka miwili iliyopita, na lori lenye paneli kumi na mbili za umeme wa jua, na mkewe Stefania akiwa amekaa juu ya maboksi ya betri kama mtu anayelinda mahari. Akazisimamisha paneli zile nyuma ya soko kwenye vyuma, akazungusha uzio wa wavu, akajenga kibanda cha betri, akavuta waya hadi nyumba za jirani. Akatuita watu wa upande ule wa kijiji akatueleza biashara. Hakuna ofisi, hakuna fomu, hakuna foleni. Unanunua umeme kwake moja kwa moja, unalipa kwa simu, anakufungulia. Ukikatika, unajua mlango wa kugonga.

Maelezo yalikuwa mazuri na watu walikuwa wameanza kutikisa vichwa kukubali, mpaka Dadi Mkwinda aliponyoosha mkono. Dadi alikuwa mkulima wa korosho na ufuta, mtu wa maneno machache, na machache hayo yalikuwa yanagharimu.

"Fundi," akasema, "ya kwangu ni ipi?"

Mgeni angelicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu lilikuwa ndilo swali tulilokuwa nalo sote. Hapa kwetu ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Unaweza kuwa na shamba lenye mikorosho arobaini, na katikati yake mitatu ni ya shemeji yako, mmoja uliwekwa rehani na babu yako ukawa haujakombolewa, na miwili alipewa shangazi siku alipoachika. Msimu ukifika kila mtu anakuja chini ya mti wake na kikapu chake, mnasalimiana, mnaokota, mnaagana. Mtu akikwambia ana korosho, unamuuliza ni za mti upi. Akikosa la kujibu, humnunulii, maana huyo ni mwizi.

Ambrosi naye ni mtu wa korosho na aliijua mila hiyo vizuri. Alichotakiwa kusema ni kwamba umeme wa paneli zote unaingia kwenye betri pamoja, ukishaingia humo haujulikani umetoka wapi, na kila mtu anachota kwa kadiri alivyolipia. Lakini aliona mikono yetu inarudi mifukoni. Paneli zilikuwa kumi na mbili, na sisi wateja, kwa bahati mbaya yake, tulikuwa kumi na wawili. Akanyoosha kidole.

"Ile ya saba, mzee," akasema. "Ile ni yako."

Jua halijazama, paneli zote zilikuwa zimepata wenyewe. Kesho yake tukadai majina, na Ambrosi, ambaye uongo wake ulikuwa bado mdogo na mzuri, akachukua rangi nyekundu ya mafuta akaandika kwenye ukingo wa kila paneli jina la mtu. Tangu siku hiyo watu wakawa wanakwenda nyuma ya soko kufuta vumbi paneli zao kwa kitambaa, kila mtu yake, bila kugusa ya jirani. Bi Zuhura wa mgahawa alinuna wiki nzima kwa sababu ndege alijisaidia kwenye yake na wala si kwenye ya Nikodemu. Nikodemu, fundi seremala, alikuwa akisema kwamba yake ni changa na itazidi kutoa mwaka kwa mwaka.

Yangu mimi ni ya nane. Hapa ndipo penye aibu yangu, bora niimalize mapema. Nimefundisha sayansi katika shule yetu ya msingi miaka ishirini na nane kabla ya kustaafu, na nilijua, nilivyokaa pale, kwamba umeme hauna jina la mtu. Nilinyamaza kwa sababu Ambrosi alikuwa tayari amenionyesha ya nane, na ya nane ilikuwa nzuri, imekaa pembeni, haipigwi na kivuli cha jengo. Wageni wakija kutoka Nangurukuru niliwapeleka kuiona.

Ikawa Dadi na mkewe ndio walioufaidi ule umeme kuliko sisi wote. Dadi alinunua jokofu bovu, akampelekea Ambrosi, na Ambrosi akaling'oa matumbo yake, akatia balbu nne ndani, karai la maji, trei za mbao na kipimajoto, likawa mashine ya kutotolesha vifaranga. Watu walikuja kuliona jokofu linalotoa joto na wakaondoka wakiwa wamechanganyikiwa. Mwanzoni mwa Machi, Dadi alikusanya mayai sitini, akayaandikia alama kwa penseli moja moja ili ajue upande wa kugeuza, akayapanga ndani mwenyewe. Hakutaka mkewe ayaguse. Alimwambia akae, atazame tu, kwamba safari hii yeye ndiye atakayetotolewa vifaranga.

Siku ya tatu baada ya hapo Dadi alitoka msikitini, akakaa kwenye benchi la duka, akasema kifua kinambana. Hakufika zahanati.

Mayai huchukua siku ishirini na moja. Yalikuwa yamebaki siku kumi na nane, na Bi Sauda akaingia eda, nguo nyeupe, chumba cha ndani, pazia mlangoni, na jokofu lile pembeni ya kitanda chake. Waliokuja kumpa pole walimkuta akilia, na saa ya kugeuza ikifika anawaomba radhi, anafuta machozi, anageuza mayai sitini kwa kufuata penseli ya mumewe, kisha anaendelea kulia. Dada yake, aliyekuwa akimhudumia, alimwambia ayaache, Mungu atampa mengine. Bi Sauda akajibu kwamba Mungu atampa mengine, lakini Dadi hatampa. Baada ya hapo hakuna aliyelizungumzia tena.

Ndipo akaja Hussen kutoka Mtanda, mjini Lindi, kudai mirathi. Hussen si mtu mbaya. Ni mtu mwenye duka. Alikaa barazani na shehe wa msikiti wetu kwa adabu zote, wakaorodhesha vitu vya marehemu: mikorosho, magunia ya ufuta, baiskeli, kitanda, na paneli ya saba. Mjane fungu lake ni thumuni, sehemu moja kati ya nane, na zilizobaki ni za Hussen. Kwenye mikorosho hapakuwa na shida. Kwenye paneli shehe alikwama, akavua kofia, akaivaa tena.

Hussen ndiye aliyependekeza kwamba mama yake mdogo apewe thumuni ya mchana. Wakahesabu. Jua la siku nzima ni saa kumi na mbili, thumuni yake ni saa moja na nusu. Bi Sauda, kutoka nyuma ya pazia, akauliza ni saa moja na nusu ipi, ya asubuhi au ya adhuhuri, kwa sababu jua la adhuhuri lina nguvu zaidi. Shehe akasema hilo ni swali la haki kabisa na kwamba halimo katika kitabu chochote alichosoma yeye. Baada ya mashauriano marefu ikaamuliwa kwamba Hussen achukue paneli yote, na mjane afidiwe thumuni yake kwa baiskeli. Hivyo ndivyo Bi Sauda, ambaye hakuruhusiwa kuvuka kizingiti kwa miezi minne na siku kumi, alivyokuwa mmiliki kamili wa baiskeli.

Mtauliza Ambrosi alikuwa wapi, maana paneli ile ilikuwa mali yake na alikuwa akituuzia umeme tu. Alikuwepo. Alisema hivyo hivyo, kwa sauti ya chini. Hussen akamchukua mkono kwa upole, akampeleka hadi nyuma ya soko, akamwonyesha maandishi mekundu: DADI MKWINDA. Akamuuliza huu ni mwandiko wa nani. Ambrosi akasema ni wake. Basi akaletewa spana yake mwenyewe, akaifungua paneli ya saba kwa mkono wake, huku watu wakimpa pole kama aliyefiwa. Hussen akaifunga kwenye blanketi, akapanda bodaboda nayo hadi Nangurukuru, na kule akapanda basi la Lindi.

Ilikuwa siku ya kumi ya mayai. Bi Sauda alisikia kila kitu kutoka ndani. Alijaza maji ya moto kwenye madumu, akalizungushia jokofu kanga na mablanketi, akawasha jiko la mkaa, akakaa kulitazama akisubiri zile balbu zizime. Magharibi ikaingia. Balbu zilikuwa zinawaka. Asubuhi zilikuwa zinawaka. Dada yake alitoka uani akiwa na macho makubwa, akamnong'oneza Bi Zuhura kwamba paneli imekwenda Lindi lakini umeme umebaki.

Kwa mtu yeyote aliyepita darasa langu hilo lisingekuwa ajabu. Betri zilikuwa zilezile, paneli kumi na moja zilikuwa zinazijaza, na Bi Sauda alikuwa amelipia. Lakini sisi tulikuwa wenye paneli. Wanawake walisema ni marehemu, anamtumia mkewe mwanga, na wakaanza kuingia kwa Bi Sauda wakipunguza sauti. Bi Sauda alipoulizwa alijibu tu kwamba wamuulize Dadi. Wanaume tulikaa kwenye benchi la duka, tukafikiri kiutu uzima, tukafikia hitimisho baya zaidi. Kama mti wake umeng'olewa na bado ana korosho kikapuni, basi anaokota chini ya mti wa mtu.

Siku chache mbele mawingu ya masika yakashuka. Paneli zinapokosa jua zinatoa kidogo, hata ng'ombe anaweza kuhisi tofauti. Lakini tulikuwa tayari tuna mwizi, hatukuwa na haja ya mawingu. Nikodemu alisema zamani alikuwa akisoma kitabu cha nyimbo za kanisani akiwa mezani, sasa lazima asimame juu ya kiti karibu na balbu. Bi Zuhura alisema redio yake imepoteza sauti nzito, imebaki na ile nyembamba tu. Mimi nilisema taa yangu imekuwa ya njano. Nilisema hivyo mbele za watu. Mwingine akashauri tuzifunge paneli zetu kwa minyororo, mwingine akasema mnyororo hauzuii umeme, akaonekana msomi.

Siku ya kumi na nane ya mayai tuliitisha kikao. Kwa kuwa mshitakiwa alikuwa edani na hawezi kuja kwenye kikao, kikao kilimfuata. Tulikaa barazani kwake, mkekani kwake, tukinywa chai aliyotuandalia dada yake, tukijadili kama tumkatie waya au la. Ndani, pazia likiwa limeshushwa, mayai sitini yalikuwa yamebakiza siku tatu. Wote tulijua. Nikodemu hata aliligusia, akasema inasikitisha, lakini wizi ni wizi.

Ambrosi alisimama. Naomba nimpe haki yake: alichelewa, lakini alisimama. Akasema alitudanganya tangu mwanzo. Akasema paneli hazina wenyewe, umeme wote unaingia kwenye betri pamoja kama wali wa shughuli, mmoja ameleta mchele, mwingine ameleta mafuta, ukishaiva hakuna anayeweza kutafuta punje zake. Bi Sauda hajamwibia mtu yeyote. Kama kuna mwizi ni yeye aliyeshika kopo la rangi.

Bi Zuhura akasema, kwa huruma kabisa, kwamba fundi ni mtu mwema, anajitwisha kosa ili kumsitiri mjane. Watu wakaguna kukubali. Nikodemu akauliza ni kwa nini hasa fundi anajitoa mhanga kiasi hicho kwa mwanamke aliyefiwa juzi. Stefania, mkewe Ambrosi, aliyekuwa akimimina chai, akaacha kumimina akamtazama mumewe. Ambrosi akaona uongo wake wa miaka miwili umeaminiwa na kila mtu, na ukweli wa dakika mbili unataka kumvunjia ndoa. Akageuka akanitazama mimi.

"Mwalimu," akasema, "waambie. Wewe unajua."

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa na kikombe mkononi. Sentensi moja ingetosha; nimeisema mbele ya madarasa ishirini na nane. Lakini ningeisema, paneli ya nane isingekuwa yangu tena, na kila mtu pale angejua kwamba mzee huyu aliyekuwa akifuta vumbi kwa kitambaa alikuwa anajua muda wote.

"Suala hili," nikasema, "linahitaji utafiti."

Watu wakanishukuru kwa busara yangu. Ambrosi akakaa. Nikodemu akauliza nani ana koleo la kukatia waya, na mtu mmoja akasema analo, liko nyumbani, anaweza kulifuata.

Hapo ndipo pazia lilipotikisika na Bi Sauda akazungumza. Hakupaza ile sauti yake ya shambani. Alisema kama tumeibiwa, basi tumeibiwa, yeye hana ubishi na wazee. Kilichoibwa kimekwenda wapi? Kimeingia kwenye mayai. Basi vilivyomo kwenye mayai ni vyetu. Kila mtu aseme umeme wake uliopotea ni wa vifaranga wangapi, na siku wakitoka aje achukue wake.

Hatukuwa tumelitazama hivyo. Mtu aliyekuwa amesimama kufuata koleo akakaa. Nikodemu akafikiri akasema wake ni wa vifaranga saba, akihesabu na macho yaliyoumia. Bi Zuhura akasema sita, kwa sababu ya redio. Shehe akasema msikiti hauna madai, akatutazama mmoja mmoja, na hakuna aliyeona haya. Mimi nilisema watatu. Nilijiona mtu wa kiasi. Ambrosi akajumlisha akasema madai ni vifaranga sitini na wanane na mayai ni sitini.

"Huenda mengine yana mapacha," akasema Bi Sauda nyuma ya pazia.

Tukatikisa vichwa. Ilikuwa hoja.

Kuanzia hapo hakuna aliyezungumzia kukata waya. Kesho yake wingu likafunga toka asubuhi, Ambrosi akapita nyumba kwa nyumba akisema betri zimeshuka sana, haamini kama zitafika. Nikodemu alipigwa na butwaa. Vifaranga wake saba walikuwa mle ndani. Alikwenda nyumbani akazima taa, akazima na ya banda la useremala, kisha akaanza kupita milangoni akigonga, akimuuliza kila aliyemkuta na balbu inayowaka ni kwa nini anawaua watoto wa watu. Bi Zuhura akaifunga redio na kuifunika kwa kitenge ili isimshawishi. Upande wote ule wa kijiji, watu waliokuwa wamelia kwamba wameibiwa mwanga walikaa kwenye vibatari siku mbili nzima kwa hiari yao, na umeme wote wa paneli kumi na moja ukaenda kwenye balbu nne ndani ya jokofu la Bi Sauda. Mtu akipita barazani pale alikuwa anashusha sauti, na Nikodemu aliacha kupiga msumari.

Siku ya ishirini na moja, kabla ya adhuhuri, dada yake Bi Sauda alitoka nje na kusema limepasuka la kwanza. Kufikia alasiri walikuwa vifaranga arobaini na watatu. Tulisikia sauti zao kutoka barazani, na katikati ya sauti hizo tulimsikia Bi Sauda akicheka, kisha akilia, kisha hatukuweza kutofautisha. Shehe akaitwa agawe tena, maana madai yalizidi vifaranga, akagawa kwa mafungu kama mirathi na kusema kwamba mwaka huu amefanya kazi ya miaka kumi. Wangu watatu walibaki watatu kwa sababu madai yangu yalikuwa madogo. Kisha Ambrosi akatuonya kwamba kifaranga mchanga bila joto hafiki kesho, lazima wakae chini ya balbu wiki nne. Tukakubaliana kwa kauli moja kwamba umeme wa Bi Sauda usiguswe na mtu.

Katikati ya wiki hizo Hussen alipiga simu. Paneli alikuwa ameipigilia juu ya bati la duka lake, ameunganisha waya na balbu, na hakikuwaka kitu. Alilalamika kwa mama yake mdogo kwamba umeme wenyewe umebaki Likawage, yeye kapewa ganda. Bi Sauda alimwambia aje auchukue, asisahau chombo cha kubebea.

Wiki ya nne ilipokwisha watu walikwenda kuchukua vifaranga wao, mmoja mmoja, na maboksi. Mimi nilikwenda wa mwisho. Nilikuwa nimeamua kusema. Nilikaa kwenye kigoda barazani, dada yake akiwa uani anachambua mchele, na pazia kati yetu.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema Bi Sauda.

"Marahaba, Sauda."

Nikamwambia nimekuja kumweleza jambo. Nikamweleza kuhusu betri, na kwamba haukuwa umeme wa marehemu, wala haukuwa wa kwetu, ulikuwa wake, alioununua. Nilijieleza vizuri, kama zamani. Aliniacha nikamaliza.

"Najua, Mwalimu," akasema. "Wewe ndiye uliyetufundisha, darasa la sita. Ulileta betri moja ya tochi na balbu mbili. Ukatuuliza balbu hii ina betri yake ipi, darasa zima tukacheka."

Nilikuwa sikumbuki. Nimefundisha watoto wengi. Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini siku ile hakusema.

"Aseme mwizi?" akajibu. "Fundi alipokuita, mimi nilinyanyuka kitandani nikasogea mpaka hapa penye pazia. Nikajiambia, mwalimu yupo, mayai ya Dadi yamepona. Uliposema yale uliyosema, nikaona hapa hakuna mtu atakayelinda kitu cha Dadi. Lakini cha kwake mwenyewe kila mtu anakilinda. Basi nikawapeni vifaranga."

Nilitazama mkeka. Boksi likasukumwa taratibu chini ya pazia, na ndani yake vifaranga watatu waliokwisha kuota manyoya ya mabawa, mmoja tayari ana dalili za ujogoo.

Nikamwambia siwataki. Nikamwambia abaki nao, ni wake, ni wake na Dadi.

"Chukua, Mwalimu," akasema. "Barabarani pale kwenye benchi wamekaa wote. Ukipita mikono mitupu watakuuliza kwa nini hukuchukua, na itabidi uwaambie."

Nikawachukua.